Hakuna Saa Kumi na Tatu

Mzee Chibago, fundi viatu wa Chisalu, alikufa alfajiri ya Jumatano. Habari aliniletea Bi Sikitu, mlinzi wa mnara, kabla sijapiga mswaki.

"Mzee Shemdoe, toka nje. Chibago amezima."

"Amezima vipi? Si alikunywa juzi?"

"Juzi, ndiyo. Na jana?"

Nikabaki nimeshika mswaki. Bi Sikitu alikuwa amejifunga kanga mdomoni kwa sababu ya vumbi, lakini macho yake niliyaona.

"Wewe mwenyewe jana ulikunywa?" akaniuliza.

Sikunywa. Nikajipapasa kifuani kama mtu anayetafuta funguo.

Tangu ile homa ya moyo ipite, pale Chisalu tuko watu hamsini na wawili tunaoishi kwa mioyo ya bati. Mnara unatujaza nguvu kutoka mbali, mmoja mmoja, dakika nane kila mtu. Huna haja ya kwenda kwake. Ukae nje tu, mahali pa wazi, utulie, nao utakutafuta. Sisi tunaita kunywa. Unasikia joto kifuani, halafu Bi Sikitu anagonga rimu ya lori iliyoning'inia chini ya mnara, ngo, basi mji mzima unajua mwingine amemaliza. Ukishakunywa una saa arobaini na nne. Moyo wa Chibago ulikuwa wa toleo la kwanza, umechoka, ulifika arobaini kwa kuchechemea.

Kuruka siku si ajabu kwetu. Siku za vumbi tunaruka, kesho yake tunatangulizwa. Kwa hiyo jana rimu iliponyamaza saa sita na nusu na isilie tena, hakuna aliyeshtuka. Mimi na Bi Sikitu tulifurahi hata. "Leo tumemaliza mapema," nilimwambia, akachemsha chai, tukakaa kibarazani tunacheka. Chibago alipita na begi lake la viatu, akatusalimia. Tukamkaribisha chai. Akasema ana kiatu cha watu.

Hamsini na wawili. Na jana rimu ililia mara arobaini na moja. Hakuna aliyehesabu.

*

Ofisi yetu ni chumba kimoja chini ya mnara, kina meza, kiti changu na stuli ya Bi Sikitu. Kompyuta ni ya zamani, nimeikuta. Ndani yake kuna jedwali, na ndani ya jedwali kuna makro, maagizo ya kompyuta niliyoyaandika mwenyewe miaka kumi na tisa iliyopita.

Mimi si msomi wa mambo hayo. Shule niliokota. Darasa la nne Lushoto, masomo ya jioni miezi sita kwenye shamba la mkonge, na karani mmoja wa kiwanda cha pamba aliyenifundisha jedwali kwa sababu alichoka kujumlisha peke yake. Nimezunguka nchi hii kwa malori mpaka mbavu zikakaa upande. Mahali popote sikumaliza miaka miwili. Chisalu nilikuja kupita. Homa ikanikamata hapa, wakanitia bati kifuani, nikaambiwa usiende mbali na mnara zaidi ya mwendo wa siku moja na nusu. Nikaulizwa unajua kazi gani. Nikasema najua jedwali.

Kazi ya makro ni nyepesi kueleza. Kila alfajiri Makao, ofisi kuu ya minara, wanatuma faili lenye saa ambayo kila moyo ulikunywa mara ya mwisho. Makro inalifungua, inasoma kila mstari, inapiga hesabu nani amebakiwa na muda gani, inapanga wa muda mfupi juu, halafu inaikabidhi ratiba kwa mnara. Ratiba ikishaingia, mnara unajifunga. Huwezi kuigusa mpaka kesho.

Nililifungua faili la siku ile kwa mkono, nikalitazama kwa macho yangu. Jambo hilo sikuwa nimelifanya kwa miaka.

"Mbona halina majina?" Bi Sikitu aliuliza nyuma ya bega langu.

Kweli. Safu ya kwanza zamani ilikuwa majina, sasa ni namba ndefu. Safu ya mtaa haipo. Safu iliyokuwa inasema asubuhi, mchana, jioni, haipo. Saa zimebaki bila neno hilo, na mwishoni kuna safu mpya za namba nisizozijua.

"Ule waraka uko wapi?" nikamwuliza.

"Upi?"

"Uliokuja juzi jioni kutoka Makao. Kurasa nne."

"Si ulisema umeusoma?"

"Nilisoma wa kwanza. Ulikuwa salamu na pongezi."

Bi Sikitu alinyoosha mkono mezani. Aliutoa chini ya birika la chai, alikuwa ameukunja kuzuia moto wa birika usiunguze meza. Akausogeza karibu na macho, akasoma kwa sauti kama mtoto wa shule. "Ukurasa wa tatu. Kuanzia Jumanne, saa zote zitaandikwa kwa mtindo mmoja, kuanzia sifuri hadi ishirini na tatu. Kuanzia Jumatano, namba zitakaa badala ya majina, na safu za mtaa na kipindi zitaondolewa."

Nikashika kichwa.

Unajua, faili la zamani lilianza na wajumbe wa mitaa kuandika kwa mkono, na wajumbe waliandika saa kama tunavyozisema. Jua limechomoza, saa moja. Saa mbili asubuhi, saa nane mchana. Mnara wenyewe unahesabu kwa saa za kizungu, kwa hiyo makro yangu ilichukua saa ya mjumbe, ikaongeza sita. Mbili ikawa nane. Nane ikawa kumi na nne. Imefanya hivyo miaka kumi na tisa bila kukosea.

Jana ilipokea nane iliyokwisha kuwa nane, ikaiongeza sita. Kosa, lakini kosa la wote sawasawa, foleni haikubadilika. Ubaya ulikuja mchana. Ilipofika kwa waliokunywa baada ya saa saba, ilikuta kumi na tatu, kumi na nne. Na kwa hesabu yetu hakuna saa kumi na tatu. Saa zinaishia kumi na mbili, zinaanza upya. Makro ikakwama.

Ikikwama inafanya nini? Inafanya nilichoiambia. Mstari wa saba kutoka juu, niliuandika mimi, kijana wa miaka hamsini na tano anayetaka kwenda kunywa chai yake bila kusumbuliwa: ukikwama, ruka, endelea.

Iliruka watu kumi na moja. Ikaendelea.

"Kwa hiyo ni wewe," Bi Sikitu alisema.

"Ni mimi."

"Chibago."

"Ni mimi, mama. Nimesema."

Alikaa kwenye stuli. Nje vumbi lilikuwa linapiga bati la paa kama mchele unapomwagwa kwenye ungo. Halafu akasema alichokuwa anaogopa kusema. "Lemanya hunywa mchana."

Lemanya ni mumewe. Alikuwa mvunja kokoto, mguu mmoja uliondoka na jiwe. Sasa anasuka mizinga ya nyuki kwa magome, anakaa mbele ya nyumba, anatania kila apitaye.

"Najua," nikasema. "Hebu nipe nafasi nifanye kazi."

*

Ilikuwa saa moja na robo. Mnara huanza saa moja; ukikosa ratiba husubiri saa inayofuata, kwa hiyo ulitakiwa uipate kabla ya saa mbili.

Niliifuta ile jumlisha sita. Nikaiambia safu ya saa sasa ni ya pili, si ya tatu. Palipokuwa na jina nikaweka namba. Nikawa naandika herufi moja, nafuta mbili. Nilipofika mstari wa saba niliutazama kwa muda. Nikaufuta, nikaandika mwingine: ukikwama, simama, ita mtu.

Nikaiendesha. Ikasimama papo hapo, ikaniita. Nilikuwa nimesahau kufuta safu ya mtaa. Nikafuta. Nikaiendesha tena.

Ratiba ikajipanga. Mistari kumi na moja ya juu ilikuwa myekundu.

"Hawa ndio wa mchana," nikamwambia Bi Sikitu. "Hawajanywa tangu juzi. Wale arobaini na mmoja wengine wana mpaka kesho alfajiri, vumbi likitulia tutawawahi. Shida ni hawa."

"Si uwaanze hawa?"

"Ndio nimewaweka juu. Sola zinasomaje?"

Aliinuka akatazama kipimo ukutani. Hakuhitaji kuniambia, niliona mabega yake. "Robo na kidogo. Nimezifuta saa kumi na moja, zimejaa vumbi tena."

Kwa robo na kidogo, mtu mmoja hanywi kwa dakika nane. Ananywa kwa dakika ishirini. Nikaweka ishirini kwenye jedwali. Wa kwanza anaanza saa mbili kamili, wa pili saa mbili na dakika ishirini, hivyo hivyo kushuka. Mbele ya kila mstari muda wa kuzima wa huyo mtu. Mistari tisa ya juu ilipata rangi ya kijani. Miwili ya chini ilibaki myekundu.

"Lemanya wangu yupi?"

"Hakuna majina, mama."

"Juzi alimaliza saa tisa kasoro dakika kumi. Niligonga rimu huku namtazama, alikuwa ananitolea ulimi."

Saa tisa kasoro dakika kumi. Kumi na nne na hamsini. Nilishusha kidole kwenye kioo. Mstari wa kumi. Unazima saa tano kasoro dakika kumi, zamu yake inaanza saa tano kamili.

Bi Sikitu aliona kidole kilipoishia. Alitoa sauti ambayo sijapata kuisikia kwa mtu mzima.

"Ngoja," nikasema. "Ngoja kwanza. Wa kwanza hapa juu. Kumi na tatu na thelathini na nane. Nani hunywa wa kwanza baada ya mnara kupumzika adhuhuri?"

Alifuta macho. "Chibago."

"Chibago yumo bado. Faili la zamani, mtu akifa mjumbe aliandika amefariki, makro ikamwacha. Hili jipya halina pa kuandika. Tungekuwa tunamnywesha marehemu dakika ishirini."

"Una hakika ni yeye?"

"Wewe ndiye uliyemfumba macho. Una hakika?"

Akatikisa kichwa kukubali. Nikaufuta mstari wa Chibago. Nimefuta mistari mingi maishani, ule ulikuwa mzito kama kuinua mfuniko wa kisima. Wengine wote wakapanda hatua moja. Lemanya akawa wa tisa, zamu yake saa tano kasoro dakika ishirini, dakika kumi kabla ya kuzima. Kijani.

Bi Sikitu alinishika bega akaliminya mpaka likauma. Halafu, kwa kuwa ni mtu mwema, akatazama chini zaidi.

"Na huyu wa mwisho?"

Ulikuwa umebaki mmoja mwekundu. Alimaliza kunywa juzi saa tisa kasoro dakika mbili. Atazima saa tano kasoro dakika mbili. Zamu yake saa tano kamili.

Mtu hasahau saa yake. Juzi nilikuwa nimesimama nyuma ya choo cha ofisi, natazama saa ya mkononi kwa uvivu tu, rimu ikalia.

"Sijui," nikamwambia. "Namba tu hii."

*

Simu ya Makao ililia saa mbili kasoro robo. Ilikuwa sauti ya kijana mmoja anayeitwa Msuha, hatujapata kuonana, miaka minne tunasalimiana.

"Shikamoo mzee. Mbona ratiba ya Chisalu haijaingia?"

"Marahaba. Faili lenu limeniulia mtu."

"Pole sana. Waraka ulieleza, mzee."

"Ulieleza. Kosa langu."

"Naona hapa mnara wenu una robo. Basi ukurasa wa nne ndio unakuhusu. Nguvu zikipungua, unapanga kwa safu ya saba. Safu ya uzito."

Niliiona safu ya saba tangu asubuhi, sikujua ni ya nini. Namba kati ya moja na mia.

"Uzito wa nini?"

"Wa mtu. Umri, kazi, wanaomtegemea, utaalamu. Wamekaa wakapima. Wa uzito mkubwa anakunywa kwanza." Akashusha sauti. "Mzee, wewe umo kwenye wekundu, mimi nina majina huku. Lakini una themanini na moja. Kituo hakina mwingine wa jedwali. Panga kama waraka unavyosema, unakuwa wa kwanza. Hutavunja sheria yoyote. Ndiyo sheria yenyewe."

Simu ilikuwa sikioni, Bi Sikitu hakusikia. Alikuwa ameuchukua waraka, anasoma ukurasa wa nne, midomo inacheza. Halafu nikamwona anainama kwenye kioo, kidole kwenye mstari wa tisa, anakivuta kulia mpaka safu ya saba.

"Kumi na nne," akasema. "Lemanya ni kumi na nne." Akashuka. "Na huyu themanini na moja! Mkubwa gani huyu anayekaa Chisalu? Tuna mkubwa gani sisi?"

"Mzee? Unanisikia?" Msuha aliuliza.

"Nakusikia, mwanangu."

Nilikuwa nimeshapiga hesabu, hata kabla hajamaliza kusema. Kwa uzito, mimi wa kwanza, saa mbili kamili, nakunywa na kwenda kupumzika. Lemanya wa mwisho, saa tano kamili, na wakati huo atakuwa amezima dakika kumi zilizopita. Kubonyeza mara moja tu. Hata jina lake silioni, ni namba. Na nikiulizwa, nina karatasi ya serikali.

Nilitaka. Nisikudanganye. Nina miaka sabini na nne, na bado kila lori likipita barabara ya juu naligeukia. Kidole kilikuwa juu ya safu ya saba. Nilijiambia nikifa nani atatengeneza jedwali faili likibadilika tena? Hoja nzuri ile. Ilikuwa nzuri mno, sikuiamini, kwa sababu mwenye hilo jedwali ndiye aliyemruka Chibago akanywa chai.

"Nikipanga kwa saa walizobakiwa, kama zamani, itakuwaje?" nikamwuliza Msuha.

"Ratiba itapita. Ila itarudi huku na alama nyekundu, watakuja kukukagua." Akasita. "Kama watakukuta, mzee."

"Waambie waje na mtu wa jedwali. Kaa salama."

Nikaweka simu. Nikapanga kwa saa. Nikabonyeza. Mnara ukafunga, klak, kama kufuli ya stoo.

"Umefanyaje?" Bi Sikitu aliuliza.

"Lemanya ni wa tisa. Nenda kamwambie akae nje, atulie, asimtolee mtu ulimi."

*

Mioyo yetu hulia saa moja kabla ya kuzima. Sauti ndogo, kama kifaranga ndani ya boksi. Wangu ulianza saa nne kasoro dakika mbili. Bi Sikitu alikuwa chini ya mnara na rimu yake, ameshagonga mara tano. Nikachukua fagio na ndoo, nikatoka kwa mlango wa nyuma ili asisikie.

Uwanja wa sola uko mgongoni mwa ofisi, mabamba mia mbili na arobaini yaliyoinama kuelekea jua. Jua lenyewe lilikuwa kama sarafu ndani ya maziwa. Nilianza na safu ya kwanza. Unafuta moja, unageuka, la nyuma yako limeanza tena kuwa jekundu. Foleni haigusiki, lakini sola zikiwa safi mtu hujaa upesi na mnara huhamia kwa anayefuata; dakika mbili tu nilikuwa nazitafuta. Dakika mbili katika saa tatu. Nilifagia kwa haraka, pumzi ikanikata, nikakumbuka kwamba pumzi nayo inakula moyo, nikafagia polepole, nikaona polepole haitoshi.

Ngo. Wa sita.

Kifaranga kinalia. Ndoo ikaisha maji. Nikavua shati, nikafuta kwa shati.

Ngo. Wa saba. Nilidhani imekuja mapema kidogo, lakini mtu akitaka kitu masikio yanamdanganya.

Nilikuwa safu ya nne niliposikia miguu. Bi Sikitu, kanga imemdondoka mabegani, ana vumbi mpaka kwenye kope. Alisimama mbele yangu akasikiliza kifua changu. Hakuhitaji kukaribia.

"Namba tu hii, eh?" akasema. "Hujui?"

"Rudi kwenye rimu yako."

"Themanini na moja! Mzee muongo wewe! Umekaa na mimi pale, umenitazama usoni!"

"Ningekwambia ungefanya nini? Ungechagua?"

Sitaki kujua angejibu nini. Aligeuka akakimbia. Kisha nikaisikia rimu, si ngo moja, bali mfululizo, ngo ngo ngo ngo, kama nyumba inaungua. Mlio huo Chisalu haikuwa imeusikia kamwe.

Walikuja. Wenye mioyo ya bati na wenye mioyo ya kuzaliwa nayo, na mifagio, na kanga, na mama mmoja na godoro la mtoto analiburuta juu ya sola kama kitambaa cha ubaoni. Mjane wa Chibago alikuja na begi la viatu la mumewe, akatoa brashi zile za kung'arishia, akazigawa. Aliponifikia alinipa moja. Hakunitazama. Nikaipokea kwa mikono miwili.

Ngo. Wa nane. Mtu alipiga kelele kutoka ofisini kwamba kipimo kimefika nusu.

Nilikuwa sioni vizuri tena. Nilifuta nilipogusa. Kifaranga kilikuwa hakipumziki, kilio kimeunganika. Nikatazama saa ya mkononi, nikaisogeza karibu, nikaisogeza mbali. Saa tano kasoro dakika saba. Lemanya bado anakunywa, na mnara haumwachi mtu mpaka ajae.

Kasoro sita. Kasoro tano.

Ngo.

Sauti ya Lemanya ilikuja kutoka ng'ambo, kubwa, ya mtu aliyejaa. "Mimi tayari! Nani anafuata?"

Nikaendelea kufuta. Mwili ulikuwa umezoea, haukujua kingine cha kufanya. Miaka sabini na nne mwili huu haujajifunza kukaa mahali. Nikasikia Bi Sikitu anakuja mbio kati ya sola, anapunga mikono yote miwili.

"Acha, mzee! Acha hiyo brashi! Simama! Mnara haukupati ukitembea, simama tuli!"

Nikasimama.